Maji Machafu na Udongo wa Eastleigh: Kipimo cha Kufanywa Kabla ya Kujenga

Watu wengi waanzapo kujenga nyumba hufikiri kwanza juu ya mawe, saruji na mabati, na habari za maji machafu huziacha hata mwisho. Lakini nyumba isiyo na njia njema ya kuondoa maji hayo ni hatari kwa wakaao ndani yake na kwa jirani zao pia.

Mtaa wa Eastleigh katika mji wa Nairobi ulipata jina lake mwaka 1921. Sehemu kubwa ya upande huo wa mashariki ina udongo mweusi wa mfinyanzi, wala si mwekundu kama ule wa Karen. Udongo huu mweusi humhadaa mtu. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na maji yakimwagwa hutoweka mara moja. Masika ifikapo hufura, nyufa hufumba, na maji hutuama juu yake kama katika bakuli.

Yafaa ijulikane kwamba tangi la choo peke yake halimalizi kazi. Uchafu mzito huzama na kuozeshwa na vijidudu, bali maji yatokayo bado yana viini vya maradhi kama kipindupindu na homa ya matumbo. Huondolewa na udongo, maji yapenyapo polepole kutoka katika mitaro yenye kokoto. Udongo usiopitisha maji huyarudisha uani. Upitishao upesi mno huyaacha yafike visimani yangali machafu.

Kwa hiyo udongo hupimwa, na kanuni za Uingereza zaeleza njia yake. Huchimbwa mashimo mawili au zaidi, kila moja lenye upana wa sentimeta 30 kila upande, na kina cha sentimeta 30 chini ya mahali bomba litakapopita. Hujazwa maji na kuachwa usiku kucha. Asubuhi likikutwa shimo lingali na maji, mahali hapo hapafai. Likiwa kavu, hutiwa tena maji ya kina cha sentimeta 30, na muda huhesabiwa tangu yabakipo robo tatu hata yabakipo robo moja. Hufanywa hivyo mara tatu, kisha hutafutwa wastani.

Ukiwa chini ya dakika 30, maji yapita upesi mno. Ukizidi saa 4 na dakika 10, udongo haufai. Ajaribuye wakati wa kiangazi bila kuloweka shimo kwanza atapimiwa nyufa, wala si udongo, na masika itamwumbua.

Kipimo hicho chaonyesha pia ukubwa wa mitaro. Tuseme maji yalitumia dakika 100. Nyumba ya watu 5 itahitaji mitaro yenye eneo la meta za mraba 50 chini yake. Ghorofa la watu 60 litahitaji meta za mraba 600. Tena kanuni hizo zataka mitaro iwe mbali na nyumba kwa meta 15, na mbali na kisima kwa meta 50. Katika Eastleigh ya leo, ambapo maghorofa yamesimama ukuta kwa ukuta, nafasi ya namna hiyo ni adimu sana.

Basi mwenye kiwanja mahali palipopita bomba kuu la maji machafu na aunganishe nyumba yake humo. Palipo mbali na bomba, na apime kabla ya kupeleka ramani yake kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi kutafuta kibali. Jembe, ndoo chache za maji, rula na saa ndivyo vyombo vya kazi hii, nayo huchukua siku mbili. Shimo lililochimbwa pasipo kupima hufurika, na gharama ya kulinyonya kila mwezi haina mwisho. Na watoto wachezao uani ndio watangulia kuugua.