Ukiachana na Mtengenezaji wa Programu, Nini Hubaki Chako?

Mwenye duka aliyelipia programu ya kurekodi mauzo hudhani kwamba programu hiyo ni mali yake. Siku anapotaka kumhama mtengenezaji, ndipo hugundua kwamba alichonunua ni leseni tu, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti.

Programu iliyokuwa tayari sokoni hubaki mali ya mwenye hakimiliki, hata ukiilipia kwa miaka mingi. Programu uliyoagiza uundiwe ni jambo jingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Hivyo, kifungu kimoja cha mkataba chaweza kukuondolea haki hiyo.

Kabla ya kutia sahihi, tunakushauri uhakikishe mkataba unaeleza mambo matatu:

1. Nani mwenye hakimiliki. Na kama si wewe, leseni yako itadumu hadi lini.

2. Iwapo utakabidhiwa msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ya programu. Bila huo, ni vigumu kwa fundi mwingine kuirekebisha.

3. Lini na kwa namna gani utarejeshewa kumbukumbu za wateja, mauzo na madeni, zikiwa katika faili linalosomeka kwenye programu nyingine.

Usitegemee ahadi ya mdomo. Mtengenezaji akikubali kukuhamishia hakimiliki yake, sheria hutaka maandishi yenye sahihi.