Je, Wajua? Shajara 43 za Mchekeshaji

Wengi wa Obunga, Kisumu, waliokua wakimcheka Mzee Ojwang' kwenye kipindi cha Vitimbi hawamjui Kenneth Williams, aliyewavunja mbavu Waingereza kwa filamu za Carry On. Mbele ya kamera alikuwa kicheko kitupu. Nyumbani kwake London aliishi peke yake, akiandika shajara. Alianza 1942 akiwa kijana, na alikuwa bado akiandika alipofariki Aprili 1988, akiwa na miaka 62.

Aliacha vitabu 43, maneno takriban milioni 4! Humo mna upweke, maradhi, dharau kwa kazi ileile iliyompa jina, na mapenzi kwa wanaume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza hadi 1967. Hata mwandiko na rangi ya wino vilibadilika kufuata hali ya moyo wake. Maktaba ya British Library ilivinunua vitabu hivyo mwaka 2016, na kwa maoni yangu vina thamani kubwa kuliko filamu zake zote.

Basi msanii akifariki katika familia yenu, msichome madaftari yake. Yahifadhini mahali pakavu, mbali na mchwa.