Kujitolea Bila Kujitoa: Kazi na Uraibu wa Mratibu wa Wahudumu wa Kujitolea Katika Eneo la Voi

Vitenzi kujitoa na kujitolea vimejengwa juu ya kitenzi kimoja, toa, na vyote viwili vimebeba kirejeshi -ji-. Hata hivyo, anayejitoa hujiondoa katika jambo, ilhali anayejitolea hutoa nguvu, wakati au mali yake kwa ajili ya wengine pasi na kudai ujira. Kinachozitenga maana hizi mbili ni kauli ya kutendea peke yake. Katika mashirika yasiyo ya kibiashara yupo mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuilinda kauli hiyo isipotee. Huyo ni mratibu wa wahudumu wa kujitolea. Makala haya yananuia kufafanua kazi yake na uraibu wake kwa kurejelea mji wa Voi na viunga vyake katika Kaunti ya Taita Taveta.

Nomino mratibu imetokana na kitenzi ratibu, yaani kupanga mambo yafuatane kwa mpango maalumu. Ina udugu na maneno ratiba na utaratibu. Aghalabu watu hudhani kuwa kazi ya mratibu ni kuwaita watu na kuwashukuru. La hasha! Kwanza, hutambua haja iliyopo na idadi ya watu wanaohitajika. Pili, huwasaili wanaojitokeza ili ajue kila mmoja anaweza nini na ana siku ngapi. Tatu, huwapa mafunzo na kuwapangia zamu. Nne, huhakikisha kuwa wana maji ya kunywa, nauli na usalama. Hatimaye, huweka kumbukumbu za kilichofanyika, kwa kuwa kazi isiyoandikwa husahaulika upesi na wafadhili pamoja na wanajamii.

Voi ni mahali panapoidhihirisha haja ya kazi hii. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka wa 1948. Wakulima na ndovu ni majirani wasioweza kuhamana. Mvua ikikosekana, wote huwania maji na chakula kilekile. Isitoshe, wenyeji huzungumza Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, na mji wenyewe ulio kwenye barabara kuu na reli ya Nairobi na Mombasa umewakusanya watu wa kila pembe. Mratibu asiyekimudu Kiswahili hapa hana daraja la kuvukia.

Mfano bora unapatikana Sagalla, karibu na Voi, ambako shirika la Save the Elephants limeendesha mradi wa ndovu na nyuki tangu mwaka wa 2009 chini ya mtafiti Lucy King. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya ule, mizinga huyumba, nyuki hutoka kwa ghadhabu, naye mnyama hurudi alikotoka. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024 ulionyesha kuwa ua huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu walioyakaribia mashamba katika misimu ya kilele cha mazao. Ulionyesha pia kuwa ukame huwapunguza nyuki mizingani. Takwimu za namna hiyo hazipatikani ila kwa kuikagua mizinga na kuandika nyayo za ndovu siku nenda siku rudi. Mradi huo umewapokea wanagenzi na watu wa kujitolea kutoka Kenya na ng'ambo. Mgeni anayeingia katika shamba la mwenyewe sharti apangiwe mwenyeji wa kuandamana naye, ajue pa kukanyaga, na ajue namna ya kumwamkia mwenye shamba kabla ya kulitoa daftari lake.

Mfano wa pili ni wa Patrick Mwalua, mkulima wa kaunti hiyo. Wakati wa ukame wa mwaka wa 2016 alianza kukodi lori na kupeleka maji, lita zipatazo 11,000 kwa safari, katika mbuga ya Tsavo Magharibi ili kuwanusuru wanyama. Alilianzisha kundi la Tsavo Volunteers na kuzitembelea shule ili kuzungumza na watoto kuhusu wanyamapori. Habari zake zilipoenea ulimwenguni mapema mwaka wa 2017, wahisani wa mbali walimchangia fedha. Tukio hili lina funzo: mapenzi ya mtu mmoja huweza kuianzisha kazi, lakini lori, mafuta na ratiba ya safari huhitaji mikono mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa ndipo uraibu unapoingia. Katika insha za shule nchini Kenya, uraibu ni jambo ambalo mtu hupenda kulifanya wakati wa faragha. Katika mazungumzo ya afya, neno lilo hilo humaanisha mazoea ya kileo au dawa asiyoweza mtu kuyaacha. Mratibu mwerevu huzikumbuka maana zote mbili. Huuliza uraibu wa kila anayejitokeza: apendaye kupiga picha hupewa kazi ya kunasa alama za nyayo, mwimbaji hupelekwa kwenye mikutano ya hadhara, mpenda baiskeli hupeleka ujumbe vijijini. Anayefanya akipendacho hachoki upesi.

Naye mratibu mwenyewe anahitaji uraibu usiohusu ofisi. Eneo hili halimnyimi. Anaweza kuukwea mlima Sagalla alfajiri, kucheza kandanda au bao jioni, ama kuwatazama ndege wa milima ya Taita, ambao baadhi yao, kama vile apalisi wa Taita, hawapatikani kwingineko duniani. Asipokuwa na burudani hizo, kazi yenyewe humgeukia uraibu wa maana ya pili: hawezi kuiacha hata inapomdhuru.

Suala zito zaidi ni gharama. Anayejitolea siku nzima katika nchi kame ameliacha shamba lake. Pasipo nauli wala chakula, kujitolea huwa anasa ya wenye nacho, au huwa kazi ya bure iliyopewa jina zuri. Serikali ya Kenya iliukabili ukweli huu mwaka wa 2023, pale wahudumu wa afya ya jamii waliokuwa wakijitolea walipofanywa wahamasishaji wa afya, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ikakubaliwa, igharimiwe kwa pamoja na serikali kuu na za kaunti.

Kwa kuhitimisha, kauli ya kutendea hudai mtendewa. Hakuna kujitolea pasipo mtu au kitu cha kujitolea. Hata hivyo, kirejeshi -ji- nacho hudai nafsi yenye kutoa. Nafsi hiyo ikisahauliwa, mtu hubaki na mambo mawili: ama kujitoa kwa kwenda zake, ama kujitoa mhanga. Mratibu anayeijua kazi yake huwaepusha watu wake na yote mawili, na hujiepusha yeye mwenyewe pia.