Maniema: huko Salamabila, saa ya kompyuta nayo inahitaji mlinzi

Kinshasa ikiwa 12h00, Salamabila ni 13h00. Wakaaji wa mji huu wa dhahabu, katika eneo la Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, wamezoea jambo hilo: RDC ina saa ya magharibi na saa ya mashariki, na Maniema inafuata ya mashariki. Kompyuta, yenyewe, haijui hivyo mpaka iambiwe. Ikiambiwa vibaya, inaandika saa ya uongo juu ya kila ripoti, kila ujumbe na kila malipo, bila kulalamika.

Kosa lenyewe huanza kidogo tu. Mashine inatayarishwa Kinshasa, kisha inasafirishwa mpaka Maniema ikiwa bado na saa ya kule. Mwenye kuitumia anaona iko nyuma, anaisogeza mbele kwa mkono. Sasa inalingana na saa ya ukutani, naye anaridhika.

Lakini ndani ya mashine mambo yameharibika. Kompyuta za dunia nzima huhesabu saa moja ya pamoja, inayoitwa UTC, kisha huonyesha saa ya mahali kulingana na ukanda uliochaguliwa. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Salamabila saa mbili. Dawa ilikuwa kubadili ukanda, kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi, bila kugusa saa yenyewe. Aliyesogeza kwa mkono ameipeleka mashine sekunde 3600 mbele ya wenzake wote.

Katika eneo lililojua mashambulizi na watu kukimbia vijiji vyao, saa moja si kitu kidogo. Tuseme ujumbe wa tahadhari unatoka kijijini 14h10, na ofisi inaujibu 14h30. Kama mashine ya aliyetuma iko saa moja mbele, tahadhari itaandikwa 15h10. Siku ya uchunguzi, karatasi zitaonyesha kwamba jibu lilitangulia tahadhari. Nani alijua nini, na alijua lini? Hakuna atakayeweza kusema kwa hakika.

Kazi ya kulinganisha saa hufanywa na NTP, utaratibu uliobuniwa na Mmarekani David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware na kutangazwa mwaka 1985. Mills alifariki Januari 2024, lakini kazi yake inaendelea kila dakika. Kompyuta inauliza saa kwa mashine nyingine inayoaminika, inapima muda ambao swali na jibu vimetumia njiani, inaugawa kwa mbili, kisha inajirekebisha.

Hesabu hiyo inategemea kwamba njia ya kwenda na ya kurudi zinachukua muda sawa. Kwa satelaiti za zamani, zilizo karibu kilometa 36.000 juu ya ardhi, kwenda na kurudi tu kunakula karibu nusu sekunde. Upande mmoja ukijaa kuliko mwingine, makosa yanaingia.

Ndiyo maana kuweka NTP hakutoshi, lazima mtu aichunge. Kwenye mashine za Linux, amri fupi ya ntpq -p inaonyesha mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni tofauti kati ya saa ya mashine na ile inayofuatwa. La pili ni ngazi: 1 iko karibu kabisa na chanzo, na 16 maana yake mashine haifuati saa yoyote. La tatu ni namba ya majibu: 377 inasema maswali 8 ya mwisho yote yalijibiwa, na 0 inasema hakuna lililojibiwa.

Kuna mtego mwingine. Programu ya ntpd ikikuta tofauti inayopita sekunde 1000, hujizima isipokuwa imeagizwa mapema vingine. Kwa hiyo saa iliyosogezwa kwa mkono, ile ya sekunde 3600, inaweza kubaki na kosa lake wakati mwenyewe anaamini kwamba mtandao unairekebisha.

Pale ambapo watu wanategemea umeme wa jua na jenereta, betri ndogo ya ndani, ile ya mviringo kama sarafu, nayo ina neno lake. Ikikwisha, kila umeme unapokatika mashine inaweza kuamka na tarehe ya miaka iliyopita. Hapo hata kurasa za intaneti zinakataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana ni vya siku ambazo bado hazijafika. Na hata betri ikiwa nzima, saa ya kawaida ya kompyuta inaweza kupotoka karibu sekunde 2 kwa siku, yaani kama dakika moja kwa mwezi.

Dawa haidai pesa nyingi. Ofisi, hospitali au shule inaweza kuchagua kompyuta moja iwe saa ya nyumba, na nyingine zote ziifuate. Intaneti ikikatika, bado zitabaki pamoja, na mfuatano wa matukio hautavurugika. Kipokezi cha GPS kilichowekwa mahali panapoona anga kinaleta saa sahihi bila intaneti hata kidogo, kwa sababu satelaiti za GPS hubeba saa za atomiki.

Kinachobaki ni daftari na mtu mmoja wa kulijaza: kila Jumatatu, mashine kwa mashine, tofauti imekuwa ngapi. Siku tofauti hiyo itakapoanza kukua, ataiona kabla haijaingia ndani ya ripoti.