Joto la Mtoto Njiti
Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 hupoa haraka: ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini ni haba, na majimaji ya uzazi yanapokauka huondoka na joto lake. Kwa hiyo chumba cha kujifungulia hupashwa joto mapema. Mtoto huingizwa hadi shingoni katika mfuko safi wa plastiki bila kukaushwa, kisha huvishwa kofia.

Baadaye hulazwa kwenye inkubeta, au kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hii ya pili, iitwayo ya kangaruu, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Joto la mwili wa mtoto linalotakiwa ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi.