Maji ya Kijani Hayaponi kwa Kuchemshwa

"Mtaalamu, bwawa limegeuka kijani. Tukiyachemsha maji si yatafaa?" Swali hili haliishi kila kiangazi, liwe limetoka Mbarali, Ismani au Kyela. Jibu ni hapana. Hata yakitokota saa nzima? Hapana.

Mabwana afya wametuhimiza kuchemsha maji kwa sababu ya kipindupindu na homa ya matumbo, na wako sahihi: vimelea vya magonjwa hayo hufa. Lakini utando wa kijani unaoelea bwawani, yaani ukoga, mara nyingi ni sianobakteria, na baadhi yao hubeba sumu ndani ya seli. Maikrosistini, sumu yao inayojulikana zaidi, hushambulia ini, na haina uhai hata useme utaiua. Moto hupasua seli, sumu humwagika, mvuke huondoka, sumu hubaki. Mchuzi uliozidi chumvi hauponi kwa kuendelea kuchemka. Agosti 2014, sumu hii ilipoingia kwenye mabomba ya Toledo, Marekani, wakazi waliambiwa wasiyanywe maji hayo wala wasiyachemshe.

Halafu kuna mjuzi wa mrututu (salfeti ya shaba). Anamwaga, kijani kinatoweka, anapigiwa makofi. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm, Australia, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa mrututu. Siku chache baadaye watu zaidi ya 100, wengi wao watoto, waliugua, maini yakiwa yamevimba. Ukoga ulikufa, sumu ikabaki majini. Klorini kwenye ndoo yenye ukoga nayo hupasua seli. Shabu hutuliza tope, lakini haiondoi sumu iliyokwisha kuyeyuka. Naomba tuachane na haya.

Chanzo cha kijani hiki kiko shambani. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una takriban kilo 10 za fosforasi, nayo hushikamana na udongo. Ukiimwaga juujuu kwenye vinyungu vya Mufindi au kwenye matuta ya viazi yanayoshuka na mteremko huko Uporoto, mvua kubwa ya kwanza huisomba pamoja na udongo hadi majini, ikawa chakula cha sianobakteria. Maji ya mito ya Ruaha Mdogo na Ruaha Mkuu huishia Mtera, bwawa pana lenye kina kifupi. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu hukatika kiangazi chini ya ardhioevu ya Ihefu, kwa kilimo cha umwagiliaji na ukame. Maji yakipungua, yakatulia na kupata joto la nyuzi 25 na zaidi, sianobakteria hushamiri. Vijifuko vyao vya hewa huwapandisha juu kwenye mwanga.

Sasa ya kufanya. Jaza maji kwenye chupa angavu, uiache usiku kucha: kijani kikikusanyika juu, shuku sumu. Kisipokusanyika, usijipe uhakika. Tumia maji ya mvua au kisima. Ng'ombe wanywe kwenye birika, si kwenye utando. Samaki mtoe matumbo na maini, umwoshe kwa maji safi. Fukia mbolea, kinga matuta yakatize mteremko, usifungulie maji ya jaruba mara baada ya kuweka mbolea. Usilime ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza. Ukiona utando, toa taarifa bodi ya maji ya bonde: ya Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Kuni zako zipikie ugali.