Alitoka Nyasaland kwa Miguu

Jua limekwisha kuzama. Ugali uko jikoni, watoto wamezunguka moto, mbwa anabweka. Mara sauti usiyoijua inapiga hodi. Unatoka nje, unamkuta kijana mwenye vumbi hadi magotini, ana mzigo mdogo na shoka. Usemi wake si wa hapa. Unamwuliza anakokwenda, naye anajibu bila kucheka kwamba anakwenda Marekani, kwa miguu.

Je, utamfanyaje? Utamkaribisha, au utafunga mlango?

Hii si hadithi ya kubuni. Kijana wa namna hiyo alipita kweli katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki tangu mwishoni mwa mwaka 1958. Jina lake Legson Kayira.

Alizaliwa katika kijiji cha Mpale, kaskazini ya Nyasaland, nchi ambayo tangu mwaka 1964 inaitwa Malawi. Tarehe ya kuzaliwa kwake hakuijua. Mama yake alikuwa fukara kupita kiasi, na alipoona hana cha kumlisha mtoto, alimtupa katika mto Didimu. Mtoto akaopolewa akiwa hai, akapewa jina la mto ule. Jina la Legson alijipa mwenyewe alipokuwa shuleni. Tazama basi: hata kabla hajajua kusimama, uhai wake ulikwisha kuokolewa na mkono wa mtu mwingine.

Alisoma katika shule ya Livingstonia, iliyoanzishwa na wamisioni kutoka Scotland. Wanafunzi wa shule ile walifundishwa neno moja la kuwaongoza: "Nitajaribu." Kijana akalishika kama mkuki. Alikuwa amesikia habari za Abraham Lincoln, aliyezaliwa katika kibanda cha maskini akawa Rais wa Marekani. Akatamani kusoma mpaka chuo kikuu, na wakati ule Nyasaland haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Nauli hakuwa nayo. Miguu alikuwa nayo.

Mwezi wa Oktoba 1958 akamwomba mama yake ruhusa. Mama hakujua Marekani iko wapi. Akamruhusu, akamtengenezea mahindi ya njiani, ili mwanawe asife njaa. Yule yule aliyekosa chakula cha kumlisha akiwa mchanga, sasa alimfungia masurufu. Kijana akaondoka akiwa na shoka dogo, Biblia, na kile kitabu cha John Bunyan kinachosimulia safari ya Mkristo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu.

Mahindi ya mama hayakufika mbali. Akavuka mpaka, akaingia Tanganyika, akaelekea kaskazini. Kila alipomaliza eneo la kabila moja, lugha ilibadilika, akawa tena mgeni kabisa. Wazee walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe; hata akijificha ataonekana. Vijiji vingine vilimpokea, vingine vilimtazama kwa mashaka. Palipokuwa na upole alifanya kazi, akapata chakula na mahali pa kulaza ubavu. Palipokuwa na ukali alilala porini. Safari moja homa ilimshika, akawa hoi. Watu wasiomjua wakamtibu kwa dawa za miti shamba, wakamwacha apumzike mpaka akapata nguvu ya kuendelea.

Baada ya miezi kama 15 akafika Kampala. Huko alifanya kazi miezi kadhaa, na nafasi alizopata alizitumia kusoma vitabu. Siku moja, katika ofisi ya habari ya Wamarekani, akaona kitabu chenye orodha ya vyuo vyao. Jicho lake likaangukia chuo cha Skagit Valley, mjini Mount Vernon, katika jimbo la Washington. Akaandika barua. Chuo kikamjibu kwamba kitampokea na kumpa msaada wa masomo.

Basi akashika tena njia, kwenda Sudan. Alipofika Khartoum alikuwa mbali na kwao kwa zaidi ya maili 2,500, yaani zaidi ya kilomita 4,000. Hapo alipata ruhusa ya kuingia Marekani, lakini bahari haivukwi kwa miguu. Ndipo watu wa Skagit Valley, ambao hawajapata kuuona uso wake, wakachanga fedha za nauli. Mwezi wa Desemba 1960 kijana wa Mpale akafika chuoni.

Alisoma hapo, kisha katika Chuo Kikuu cha Washington, na baadaye Cambridge, Uingereza. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha maisha yake, akakiita kwa lile neno la shuleni, na kwa majuma 16 kilikuwa katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyonunuliwa sana. Aliandika na riwaya, kama The Looming Shadow ya mwaka 1967. Alikaa Uingereza akifanya kazi ya kuwaangalia wahalifu waliopewa nafasi ya kujirekebisha nje ya gereza. Yaani, yeye aliyefunguliwa milango na wageni, naye akafanya kazi ya kuwafungulia wengine. Alifariki mwaka 2012.

Watu wakisikia habari hii husema, "Penye nia pana njia." Ni kweli. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kwenda maili 20 kwa siku. Kwa mwendo huo, maili 2,500 ni siku 125, miezi minne na kitu. Lakini tangu Kayira atoke kwao mpaka afike Marekani ilipita miaka miwili na zaidi. Siku nyingine zote alikuwa wapi? Alikuwa kwa watu. Alikuwa akilima shamba la mtu, akila sahani ya mtu, akilala penye paa la mtu, akiugulia kwenye mkeka wa mtu. Nia ilikuwa yake, lakini njia ilikuwa nyumba za watu.

Jina la chuo kilichompokea limeandikwa, na jina la mji wake pia. Lakini nani atatutajia majina ya akina mama wa vijijini waliopunguza ugali wa watoto wao ili mpita njia ale? Hao hawakupata kusoma kitabu chake. Wengi wao walikufa bila kujua kama yule kijana alifika au aliliwa na simba. Walitenda wema wakaenda zao. Na kila mmoja aliposema "karibu", alimsogeza maili chache kuelekea mahali ambapo mwenyewe asingeweza kupaonyesha kwa kidole.

Sasa tuseme kweli. Siku hizi tunawaogopa wageni, na hofu hiyo si ujinga. Wako wezi, wako matapeli, na mwenye nyumba ana watoto wa kulinda. Lakini hata watu wa mwaka 1958 walikuwa na watoto, na kijana yule alikuwa na shoka. Wazee wetu hawakuwa wapumbavu. Walijua namna ya kupokea kwa akili. Mgeni alipelekwa kwa mkubwa wa kijiji, akaulizwa ukoo wake na safari yake, mbele ya watu. Akapewa maji, kisha chakula, kisha mahali pa kulala panapoonekana. Siku mbili alikuwa mgeni, na siku ya tatu akapewa jembe, naye Kayira hakulikataa. Asubuhi ya kuondoka alisindikizwa hadi njia panda, akaonyeshwa njia ya kweli.

Sisi nasi tunaweza. Usiku ukiwa na mashaka, mwite jirani, mpeleke mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye amtafutie pa kulala. Lakini maji ya kunywa hayahitaji kikao. Sahani ya ugali na maharage haihitaji barua ya utambulisho. Na mtoto wako anayekutazama pale mlangoni anajifunza jambo ambalo shule haitamfundisha.

Kumbuka pia kwamba mtoto wako naye ataondoka siku moja, kwenda shule, kwenda kutafuta kazi, katika nchi ambayo hujui iko wapi, kama mama wa Mpale. Utamfungia mahindi, nayo hayatafika mbali. Yakiisha, atapiga hodi kwa mtu usiyemjua. Mtendee mgeni wa leo kama unavyotaka mwanao atendewe jioni hiyo.